Msimbo wa Morse

Msimbo wa Morse (pia: alfabeti ya Morse) ni mfumo wa kutuma maneno kwa kutumia ishara za aina mbili tu: fupi na ndefu. Ishara fupi huitwa nukta na huandikwa ·, ishara ndefu huitwa kistari na huandikwa –. Kila herufi, tarakimu na alama ya uandishi ina mpangilio wake wa nukta na vistari. Kwa mfano herufi A ni ·– , herufi B ni –··· na herufi E ni nukta moja pekee.

Ishara hizo zinaweza kutolewa kwa kitu chochote kinachoweza kuwashwa na kuzimwa: mkondo wa umeme ndani ya waya, mawimbi ya redio, mwanga wa taa, sauti ya filimbi, hata kugonga ukuta au kupepesa macho. Ndiyo sababu msimbo huu umeendelea kutumika baada ya mashine zilizouzaa kuwekwa makumbusho.

Jina linatokana na Mmarekani Samuel Morse (1791 - 1872), mchoraji aliyegeuka kuwa mvumbuzi. Msimbo ulianza kutumika kwenye telegrafu ya umeme miaka ya 1840, ukahamia kwenye redio mwishoni mwa karne ya 19, na hadi mwaka 1999 ulikuwa sehemu ya mfumo wa kimataifa wa kuomba msaada baharini.

Muundo

Msingi wa msimbo ni muda. Urefu wa nukta moja huhesabiwa kuwa kipimo kimoja, na mengine yote hupimwa kwa huo:

- nukta: kipimo 1
- kistari: vipimo 3
- kimya kati ya ishara za herufi moja: kipimo 1
- kimya kati ya herufi mbili: vipimo 3
- kimya kati ya maneno mawili: vipimo 7

Hivyo kimya ni sehemu ya ujumbe sawa na mlio. Msikilizaji akipokea ·– bila kujua kimya kilikuwa cha urefu gani, hawezi kujua kama ametumiwa herufi moja A au herufi mbili E na T. Mtumaji mwenye haraka anayepunguza vimya huharibu ujumbe kuliko yule anayetuma polepole.

Kasi hupimwa kwa maneno kwa dakika. Neno la kupimia ni PARIS, kwa sababu pamoja na kimya kinacholifuata lina vipimo 50 kamili. Mtu anayetuma maneno 20 kwa dakika hutoa nukta za sekunde 0.06 na vistari vya sekunde 0.18.

Herufi na tarakimu za msimbo wa kimataifa

A ·–
B –···
C –·–·
D –··
E ·
F ··–·
G ––·
H ····
I ··
J ·–––
K –·–
L ·–··
M ––
N –·
O –––
P ·––·
Q ––·–
R ·–·
S ···
T –
U ··–
V ···–
W ·––
X –··–
Y –·––
Z ––··

1 ·––––
2 ··–––
3 ···––
4 ····–
5 ·····
6 –····
7 ––···
8 –––··
9 ––––·
0 –––––

Tarakimu zote zina ishara tano na zinafuata utaratibu: kuanzia 1 hadi 5 nukta zinaongezeka kutoka kushoto, halafu kuanzia 6 vistari vinachukua nafasi yake. Alama za uandishi kwa kawaida zina ishara sita, kwa mfano alama ya kuuliza ni ··––·· . Mwaka 2004 iliongezwa alama ya @ inayotumika katika anwani za barua pepe. Imeundwa kwa kuunganisha A na C bila kuachia kimya cha herufi katikati: ·––·–· .

Kwa nini herufi hazilingani

Kwa kutumia ishara moja hadi nne inawezekana kuunda mipangilio 30: miwili ya ishara moja, minne ya ishara mbili, minane ya ishara tatu na kumi na sita ya ishara nne. Idadi hiyo inatosha herufi 26 za alfabeti ya Kilatini na kubakiza minne. Swali lililobaki lilikuwa ni herufi ipi ipewe mpangilio upi.

Jibu lilikuwa kuokoa muda. Herufi zinazotokea mara nyingi zilipewa ishara fupi, na zile zinazotokea kwa nadra zilipewa ishara ndefu. Katika Kiingereza herufi E na T hutumika kuliko zote. Kwa hiyo E inachukua kipimo 1 na T vipimo 3, ilhali Q na J huchukua vipimo 13 kila moja. Inasimuliwa kwamba Alfred Vail, mshiriki wa Morse, alienda kwenye karakana ya uchapaji mjini Morristown akahesabu herufi za risasi zilizokuwemo katika kila kisanduku. Wachapaji huweka akiba kubwa ya herufi zinazotumika sana, kwa hiyo visanduku vyao vilikuwa tayari takwimu za lugha.

Kanuni hiyo imedumu kuliko telegrafu. Mbinu za kisasa za kubana mafaili ya kompyuta, kama ile iliyotungwa na David Huffman mwaka 1952, nazo hutoa alama fupi kwa kile kinachojirudia mara nyingi.

Historia

Mwanzo wa telegrafu

Mwaka 1832 Morse alikuwa akirudi Marekani kutoka Ulaya kwa meli iliyoitwa Sully. Njiani alizungumza na abiria mwenzake juu ya majaribio ya umeme na sumaku, akapata wazo la kutuma habari kwa waya. Hakuwa fundi wala mwanasayansi, na kazi ilisonga mbele aliposaidiwa na Leonard Gale, profesa wa kemia, na Alfred Vail aliyekuwa na ujuzi wa mashine na familia yenye kiwanda cha chuma.

Mpango wa kwanza wa Morse haukuwa na alfabeti. Alitaka kutuma namba pekee, na kila namba ingetafutwa katika kamusi maalumu ili kupata neno lake. Baadaye namba zilibadilishwa kwa ishara za herufi, na mtumaji akaweza kutuma neno lolote, hata jina la mtu lisilokuwemo katika kamusi yoyote. Mchango wa Vail katika kutunga ishara hizo umejadiliwa na wanahistoria tangu karne ya 19.

Mwaka 1843 Bunge la Marekani lilitoa dola 30,000 za kujenga njia ya majaribio kati ya Washington na Baltimore, umbali wa takriban kilomita 60. Tarehe 24 Mei 1844 Morse alituma ujumbe rasmi wa kwanza kutoka Washington. Maneno yake yalichukuliwa katika Biblia, Kitabu cha Hesabu 23:23. Vail aliupokea Baltimore akaurudisha.

Kutoka karatasi hadi sikio

Mashine ya kwanza ilikusudiwa kusomwa kwa macho. Mtumaji alibonyeza swichi ndogo ya mkono na kuruhusu umeme wa betri upite kwenye waya. Upande wa pili umeme uliingia katika sumakuumeme iliyovuta kipande cha chuma, na chuma hicho kikaweka alama kwenye ukanda wa karatasi uliokuwa ukisogea.

Lakini chuma kilipovutwa na kuachiliwa kilitoa sauti. Baada ya muda makarani wa telegrafu waligundua kwamba wanaweza kuelewa herufi kwa kusikiliza tu, huku mkono ukiandika. Mwanzoni baadhi ya wakubwa wa kampuni waliona jambo hilo kama uzembe, lakini kusikiliza kulikuwa haraka zaidi, na mashine ya karatasi ikaachwa katika ofisi nyingi ikachukuliwa na kifaa kidogo cha kugonga.

Msimbo wa kimataifa

Msimbo uliotumika Marekani ulikuwa na matatizo. Baadhi ya herufi, kama C, O na R, zilikuwa na kimya cha ziada ndani yake, na herufi L ilikuwa kistari kirefu kuliko vingine. Mwaka 1848 Mjerumani Friedrich Clemens Gerke aliurekebisha kwa ajili ya njia ya telegrafu kati ya Hamburg na Cuxhaven, akabakiza urefu wa aina mbili pekee. Msimbo wake, baada ya mabadiliko machache, ulikubaliwa mwaka 1865 katika mkutano wa Paris uliounda umoja wa kimataifa wa telegrafu. Umoja huo uko hadi leo kama Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Geneva. Huko Marekani msimbo wa zamani uliendelea kutumika kwenye reli na ofisi za telegrafu hadi karne ya 20.

Kebo za chini ya bahari

Kebo ya kwanza kuvuka Atlantiki ilikamilika mwaka 1858. Salamu za Malkia Victoria kwa rais wa Marekani zilikuwa na maneno 98 na kuzituma kulichukua saa 16, kwa sababu ishara zilififia na kuchanganyika ndani ya kebo ndefu. Kebo hiyo iliharibika baada ya wiki chache. Kebo ya kudumu ililazwa mwaka 1866 na meli Great Eastern.

Kwenye kebo ndefu msimbo ulibidi kubadilika. Badala ya kutofautisha nukta na kistari kwa muda, vyote viwili vilipewa muda uleule lakini kimoja kilitumwa kwa umeme chanya na kingine kwa umeme hasi. Upande wa kupokea, sindano au kalamu ilisogea kushoto au kulia. Herufi zilikuwa zilezile, njia ya kuzionyesha ndiyo iliyokuwa tofauti.

Simu ya upepo

Miaka ya 1890 Mwitalia Guglielmo Marconi alianza kutuma msimbo wa Morse bila waya, kwa mawimbi ya redio. Alitangaza kwamba tarehe 12 Desemba 1901 huko Newfoundland alisikia herufi S, yaani nukta tatu, iliyotumwa kutoka Poldhu nchini Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki. Wataalamu wengine walitilia shaka habari hiyo, ila katika miaka iliyofuata mawasiliano hayo yakawa ya kawaida. Redio za mwanzo hazikuweza kubeba sauti ya mtu: ziliweza kuwaka na kuzima tu, na msimbo wa Morse ulifaa kwa hilo.

Mabadiliko makubwa yalikuwa baharini. Hadi wakati huo meli iliyopotelea mbali na pwani haikuwa na namna ya kuita msaada. Sasa iliweza, mradi tu kuwe na mtu anayesikiliza.

SOS na ajali ya Titanic

Ishara ya hatari ···–––··· ilianza katika kanuni za Ujerumani za mwaka 1905, ikakubaliwa na nchi nyingi katika mkutano wa Berlin wa mwaka 1906 na kuanza kutumika kimataifa tarehe 1 Julai 1908. Huandikwa SOS, lakini si kifupisho cha maneno yoyote. Ilichaguliwa kwa sababu ni rahisi kutuma na haifanani na kitu kingine. Hutumwa mfululizo bila kimya cha herufi, kana kwamba ni herufi moja ndefu ya ishara tisa. Maelezo ya maneno ya Kiingereza yalibuniwa baadaye.

Kabla ya hapo maopereta wa kampuni ya Marconi walitumia CQD. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli Titanic ilipogonga siwa barafu, maopereta wake Jack Phillips na Harold Bride walituma ishara zote mbili. Meli Californian ilikuwa karibu zaidi, lakini opereta wake pekee alikuwa amezima redio dakika chache kabla ya ajali na kwenda kulala. Meli Carpathia ilisikia kwa bahati, kwani opereta wake naye alikuwa akijiandaa kulala. Ilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 90. Ilipofika Titanic ilikuwa imeshazama. Watu takriban 1,500 walifariki, Phillips akiwa mmojawapo, na takriban 700 waliokuwa katika mashua waliokolewa.

Ajali hiyo ilionyesha kwamba ishara bila msikilizaji haina faida. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini uliotiwa saini mwaka 1914 uliweka masharti ya kusikiliza redio melini. Baadaye masafa ya kHz 500 yakawa ya kuita msaada, na kila saa kulikuwa na vipindi viwili vya dakika tatu, kuanzia dakika ya 15 na ya 45, ambapo vituo vyote vilinyamaza na kusikiliza ili sauti dhaifu isikike. Saa za vyumba vya redio zilipakwa rangi nyekundu kwenye sehemu hizo.

Afrika Mashariki

Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana. Habari hiyo ilichukua takriban wiki tatu kufika London, kwa sababu Afrika Kusini haikuwa na kebo na ujumbe ulibidi kubebwa kwa meli sehemu ya njia. Katika mwaka huohuo kebo ililazwa kutoka Aden hadi Durban, ikipitia Zanzibar na Msumbiji. Hivyo Zanzibar iliunganishwa na mtandao wa telegrafu wa dunia. Jengo la zamani la kampuni ya kebo huko Shangani, Mji Mkongwe, leo ni hoteli.

Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896, nguzo za telegrafu zilisimamishwa kando yake. Waya huo ulihitajika ili stesheni ziarifiane mahali treni zilipo, kwani treni mbili zilitumia njia moja.

Neno la Kiswahili "simu" lina asili ya Kiajemi na maana yake ya awali ni waya. Kwanza lilitumika kwa telegrafu na telegramu, na "kupeleka simu" kulikuwa na maana ya kutuma telegramu. Redio ya Morse ikaitwa "simu ya upepo", kwa sababu ujumbe ulipita hewani. Baada ya telefoni kuenea, neno lilihamia huko, na leo wengi wanaoitaja simu ya mkononi hawana habari kwamba neno hilo lilianza na waya.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza vituo vya simu ya upepo vya Wajerumani vilikuwa shabaha za mapema. Tarehe 8 Agosti 1914 meli ya kivita ya Uingereza Astraea ilishambulia Dar es Salaam ikilenga kituo hicho. Mwezi Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Viktoria na kushambulia Bukoba, ambako kuharibu kituo cha simu ya upepo kulikuwa lengo kuu.

Msimbo na lugha mbalimbali

Mipangilio minne ya ishara nne iliyobaki bila herufi ilitumiwa na lugha nyingine. Wajerumani waliitumia kwa Ä, Ö, Ü na CH. Kirusi, Kigiriki, Kiarabu na Kiebrania zina misimbo yake kwa mwandiko wake. Kijapani kina msimbo wa silabi. Kichina hakikuweza kupewa ishara kwa kila alama, kwa hiyo kila alama ilipewa namba ya tarakimu nne, na namba ndiyo iliyotumwa, jambo linalofanana na mpango wa kwanza wa Morse.

Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za Kilatini na kinaweza kutumwa kwa msimbo wa kimataifa bila nyongeza. Hata hivyo bei ya herufi haikupangwa kwa ajili yake. Katika Kiswahili herufi inayotokea kuliko zote ni A, inayochukua vipimo 5, ilhali nafasi ya kipimo kimoja imepewa E. Herufi Y, iliyo ya kawaida katika maneno kama "ya", "hayo" na "yake", huchukua vipimo 13. Q na X, ambazo hazimo katika tahajia sanifu, zimeshika mipangilio ya ishara nne. Sauti ya ng' inahitaji N, G na ritifaa (·––––·), jumla ya vipimo 39 pamoja na vimya vyake. Kwa upande mwingine I ni herufi ya kawaida sana na ina vipimo 3 tu.

Neno HABARI hutumwa hivi:

···· / ·– / –··· / ·– / ·–· / ··

Linachukua vipimo 51, yaani takriban sekunde 3 kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika.

Matumizi ya leo

Katika ofisi za telegrafu mashine za kuandika kwa umbali zilianza kuchukua nafasi ya mkono mapema katika karne ya 20. Zilitumia misimbo yenye idadi sawa ya ishara kwa kila herufi, kama ule wa Mfaransa Émile Baudot wenye ishara tano, kwa sababu mashine hupokea kwa urahisi zaidi kitu chenye urefu usiobadilika. Baharini msimbo uliendelea kwa muda mrefu. Jeshi la majini la Ufaransa liliacha kuutumia mwaka 1997, na tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya unaotumia satelaiti na ishara za dijiti ulichukua nafasi yake kikamilifu.

Bado unatumika katika sehemu hizi:

- Wanaredio wa ridhaa. Tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa hazilazimishi tena mtihani wa Morse kwa leseni, lakini wengi huupenda kwa sababu mlio dhaifu hueleweka pale ambapo sauti ya mtu imemezwa na kelele.
- Usafiri wa anga. Vituo vya redio vya kuongoza ndege hutangaza jina lao la herufi mbili au tatu kwa Morse, ili rubani ahakikishe amepata kituo sahihi.
- Majeshi ya majini. Meli huwasiliana kwa taa bila kutumia redio ambayo adui angeweza kuinasa.
- Watu wenye ulemavu. Asiyeweza kutumia kibodi ya kawaida anaweza kuandika kwa swichi moja au mbili, kwa kidole, kwa pumzi au kwa kichwa. Tangu mwaka 2018 kuna kibodi ya Morse katika programu ya Gboard ya simu za mkononi.

Mfano maarufu wa matumizi bila kifaa chochote ni wa mwaka 1966. Jeremiah Denton, rubani Mmarekani aliyekuwa mfungwa wa vita huko Vietnam Kaskazini, alilazimishwa kuhojiwa mbele ya kamera na kusema kwamba anatunzwa vizuri. Alipokuwa akijibu alipepesa macho kwa nukta na vistari, akitaja neno la Kiingereza lenye maana ya "mateso". Ndivyo wakuu wa jeshi lake walivyopata uthibitisho wa hali ya wafungwa.

Kujifunza

Wanafunzi wengi huanza kwa kukariri jedwali la nukta na vistari. Njia hiyo ni rahisi mwanzoni lakini huchelewesha, kwa sababu msikilizaji hulazimika kuhesabu ishara, kuziona akilini, kisha kutafuta herufi. Walimu wa Morse hushauri kujifunza kila herufi kama mlio mmoja, kama mtu anavyotambua mdundo wa ngoma bila kuhesabu mapigo.

Njia inayotumika sana inaitwa kwa jina la mwanasaikolojia Mjerumani Ludwig Koch wa miaka ya 1930. Mwanafunzi huanza na herufi mbili tu, kwa kasi kamili, na kuongeza nyingine moja anapokuwa amezitambua karibu zote bila kosa. Njia nyingine ni kutuma kila herufi kwa kasi kamili lakini kurefusha vimya kati ya herufi, kisha kuvipunguza kidogo kidogo.

Tazama pia

Telegrafu
Redio
Guglielmo Marconi
Titanic
Alfabeti ya Kilatini
Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano